Kijiti cha Mkononi: Dawa Iliingiaje Ndani?

Leo tunazungumza juu ya kijiti cha kupanga uzazi, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Je, umewahi kujiuliza dawa iliingiaje humo, na inatokaje? Ukiijua historia yake, utaelewa kwa nini tarehe iliyo kwenye kadi yako si ya kupuuzwa.

Mwaka 1964, madaktari wawili Wamarekani, Judah Folkman na David Long, walieleza kwamba dawa za aina fulani hupenya polepole kwenye mpira wa silikoni. Wao walikuwa wakitafuta njia ya kutibu moyo. Fikiria mtungi wa udongo. Hauna tundu, lakini maji hujipenyeza hadi nje ukalowa. Mpira ule nao ulipitisha dawa vivyo hivyo.

Sheldon Segal wa shirika la Population Council, New York, na Horacio Croxatto wa Chile waliona kwamba homoni ya kuzuia mimba ingeweza kupita njia hiyo. Ndipo ikaja Norplant, iliyoidhinishwa kwanza Finland mwaka 1983. Ilikuwa vijibomba 6 vya silikoni. Kila kimoja kilijazwa miligramu 36 za homoni kavu, kisha ncha zake zikazibwa kwa gundi ya silikoni.

Lakini kuvitoa vyote 6 kulikuwa kazi, na akina mama wengi walilalamika. Wataalamu wakabadilisha namna ya kutia dawa. Katika Jadelle, homoni huchanganywa na silikoni yenyewe, kama sukari inavyokandwa ndani ya unga wa mandazi, kisha huvikwa mpira mwembamba. Vijiti ni 2, kila kimoja miligramu 75. Katika Implanon, iliyoanza kutumika mwaka 1998, homoni huchanganywa na plastiki iliyolainishwa kwa joto, ikasukumwa kupitia tundu dogo kama dawa ya meno, pamoja na ganda la plastiki tupu juu yake. Hapo kijiti ni 1, cha miligramu 68.

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Kijiti hakiyeyuki, kinachotoka ni dawa tu. Implanon hutoa maikrogramu 60 hadi 70 kwa siku katika wiki za mwanzo, lakini mwishoni mwa mwaka wa 3 ni 25 hadi 30. Baadaye plastiki bado iko mkononi, ukiigusa unaisikia, nawe unadhani umekingwa. Kumbe mtungi umekauka!

Kwa hivyo, tazama jina na tarehe kwenye kadi, kwa maana vijiti havilingani miaka. Tarehe ikifika, nenda kliniki kitolewe na mhudumu aliyefunzwa. Ukitaka kitolewe mapema, hiyo ni haki yako. Ukianza dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya Ukimwi, mwambie mhudumu kwamba una kijiti, kwani baadhi yake, kama rifampicin na efavirenz, hupunguza nguvu ya homoni. Na kumbuka, kijiti hakizuii Ukimwi. Kwa hilo, tumia kondomu.

Leo jioni itafute kadi yako, mama. Mpaka kipindi kijacho, kaa salama.