Michubuko midogo ya rangi kwenye gari: iwahi kabla munyu haujaingia

Mwaka jana gari la shemeji yangu, Probox nyeupe, lilikaa gereji siku 16 kwa sababu ya kokoto moja. Lori lililokuwa mbele yake karibu na Mazeras lilirusha jiwe, likamchubua kwenye ukingo wa paa, pale kioo cha mbele kinapoanzia. Alama yenyewe haikuzidi punje ya mchele. Nilimwambia, "Shemeji, paka kitu hapo." Akanijibu, "Hiyo ni rangi tu, haizuii gari kwenda." Baada ya misimu miwili ya mvua, maji yakawa yanamdondokea mapajani akiendesha. Fundi alipokwangua alikuta bati limeliwa hadi chini ya mpira wa kioo. Ikabidi kioo kitolewe, bati likatwe na kuchomelewa, ndipo lipigwe rangi. Na gari hilo ndilo linalolipa karo za watoto.

Sisi wa Pwani hatuna anasa ya kusubiri. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi tabaka la juu linalong'aa, ina unene unaokaribia wa karatasi ya daftari. Hiyo ndiyo ngao pekee kati ya bati na hewa yetu. Munyu unaobebwa na upepo wa bahari huvuta unyevu na kuuweka juu ya chuma hata siku isiyo na mvua, na kutu ikishaingia hutambaa chini ya rangi nzima usiione mpaka ivimbe. Anayependa kuegesha gari pale Mama Ngina jioni akila krisps za muhogo, uso wa gari ukitazama mawimbi, alioshe na maji matamu akirudi nyumbani. Mimi ni mmoja wao, kwa hivyo sisemi kwa kulaumu.

Kwanza tazama mchubuko umefika wapi. Ukiona kijivu au weupe uliofifia ndani yake, praima bado ipo na kazi ni nyepesi. Ukiona chuma kinang'aa au wekundu wa kutu, utahitaji praima. Bampa nyingi za siku hizi ni plastiki, hazili kutu, kwa hivyo anzia kwenye boneti, ukingo wa paa, kingo za milango na juu ya magurudumu.

Pili ni rangi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kununua "nyeupe" au "silva" kwa macho. Kila gari lina namba ya rangi. Kwa Toyota zetu za kutoka Japani, tafuta kibati kidogo ndani ya injini au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, palipoandikwa C/TR. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva, 070 ni nyeupe ya lulu. Peleka namba hiyo kwenye duka linalochanganya rangi za magari. Kama gari limefifia kwa jua, fungua kifuniko cha tundu la mafuta, uende nacho walinganishe. Rangi ukiipata, weka kidogo kwenye chupa ya rangi ya kucha iliyosafishwa vizuri. Zile gololi zilizomo ndani husaidia sana kuikoroga, na silva isipokorogwa chembe zake huzama chini ukapaka kijivu.

Usifanye kazi juani wala alfajiri kukiwa na umande. Saa tatu asubuhi, chini ya kivuli, siku isiyo na upepo wa mchanga, ndiyo nzuri. Osha gari, likauke kabisa, kisha pangusa mchubuko kwa spiriti. Petroli huacha mafuta, na thina inaweza kula rangi iliyowahi kupigwa gereji.

Kutu lazima itoke. Kata kipande kidogo cha msasa namba 400, kigundishe kwenye ncha ya penseli, usugue ndani ya mchubuko tu mpaka chuma king'ae. Kutu iliyojificha kwenye vishimo itiwe dawa ya kutu na ukauke muda ulioandikwa kwenye chupa. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika ili ifanye kazi yake kwa siri. Kuna gereji moja iliwahi kunifanyia hivyo, tena kwa fila juu yake, na baada ya miezi michache mlango ulivimba mahali palepale.

Praima na rangi huwekwa kwa kijiti cha meno, kwa sababu brashi nyingi ni nene mno. Gusa tone dogo katikati ya mchubuko uliache lijisambaze lenyewe. Tabaka moja nene huwa laini ndani na husinyaa vibaya, kwa hivyo weka matatu au manne membamba, ukingoja kila moja likauke. Rangi hupungua ikikauka, usishtuke ukiona shimo limerudi. Malizia na klia, lile tabaka lisilo na rangi, mpaka liinuke kidogo kuliko rangi ya pembeni. Klia ya kuchanganya na dawa ya kugandisha waachie mafundi wenye barakoa maalumu, maana mvuke wake hudhuru mapafu. Ya chupa ndogo yatosha.

Kisha liache kwa wiki moja. Subira hii ndiyo iliyonishinda mara ya kwanza, nikasugua siku ya pili na rangi yote ikang'oka. Wiki ikiisha, sugua kinundu taratibu kwa msasa wa maji namba 2000 wenye povu la sabuni, uishie mara tu kinapolingana na pembeni, halafu ng'arisha kwa kompaundi na kitambaa laini.

Nyeupe ya lulu haitafanana kabisa, kwa kuwa ina tabaka la ziada la chembe katikati, na silva itaonekana ukiinama karibu. Mchubuko mkubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo, au bati lililobonyea, ni wa fundi. Shemeji sasa ana chupa yake ndani ya dashibodi, na juzi nilimkuta kivulini, penseli mkononi, akisugua mlango wa nyuma.