Vitabu vya Kusomwa kabla ya Safari: Historia ya Uteuzi na Nafasi ya Simulizi za Kiswahili katika Utalii wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

1.0 Utangulizi

Neno safari limeingia katika lugha nyingi za ulimwengu kutoka Kiswahili, lakini limefika huko likiwa limepungukiwa na maana. Kwa msemaji wa Kiswahili, anayekwenda kuhiji, anayekwenda mazishini na anayepanda basi kutoka Kampala hadi Bujumbura wote wako safarini. Kwa msomaji wa Ulaya au Marekani, safari ni ziara ya kutazama wanyamapori wa Afrika. Maana hiyo finyu imelelewa kwa sehemu kubwa na vitabu ambavyo wageni wameshauriwa kuvisoma kabla ya kuondoka kwao. Makala haya yanafuatilia jinsi orodha ya vitabu hivyo ilivyojengwa tangu karne ya 19. Hoja yake kuu ni kwamba simulizi za safari za Kiswahili zilikuwapo, tena zilichapishwa mapema, ila hazikuteuliwa. Kwa kuwa uteuzi ni kazi ya watu, unaweza kufanywa upya.

2.0 Msingi wa Orodha

Vitabu vya kwanza vya orodha hii viliandikwa na wasafiri wa Kizungu waliopita katika njia za misafara ya biashara. Richard Burton, katika The Lake Regions of Central Africa cha mwaka 1860, alitumia kwa wingi istilahi za misafara: kirangozi, pagazi, hongo na posho. Istilahi hizo, pamoja na ujuzi uliobebwa nazo, zilitoka kwa Waswahili na Wanyamwezi walioijua njia ya pwani hadi Ujiji kabla yake. Msomaji wa London aliupokea ujuzi huo kwa jina la Burton.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa David Livingstone. Baada ya kifo chake mwaka 1873, Abdullah Susi na James Chuma walikuwa miongoni mwa viongozi wa msafara uliobeba mwili wake hadi pwani. Mwaka uliofuata walikwenda Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za marehemu, kwa kuwa wao ndio walioshuhudia yale ambayo Livingstone hakuwahi kuyaandika. Shajara hizo zilitoka mwaka huohuo wa 1874. Ukurasa wa jina unawataja Chuma na Susi, lakini unawataja kama watumishi waaminifu. Hadhi ya uandishi ilibaki kwa wengine. Mpaka huo baina ya anayejua na anayeandika ndio uliorithiwa na vitabu vilivyofuata.

3.0 Wawindaji, Walowezi na Wahifadhi

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bara lilifikika kwa wageni matajiri waliotafuta uwindaji. Kitabu cha J. H. Patterson kuhusu simba wa Tsavo kilichapishwa mwaka 1907. Miongoni mwa waliokisifu ni Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, akapitia Kenya na Uganda na kuendelea hadi Khartoum. Roosevelt alisafiri na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, na orodha yake aliichapisha katika African Game Trails cha mwaka 1910. Humo mna Biblia, Homer na Shakespeare. Vilikuwa vitabu vya kumliwaza msomaji porini, na hakuna kilichomwandaa kuzungumza na wapagazi waliovibeba.

Mazungumzo hayo yalikuwa na vitabu vyake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara ambacho jina lake refu linawataja walengwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Jina hilo latosha kuonyesha uhusiano uliokusudiwa. Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya kumwelekeza mfanyakazi. Hakikuhesabiwa kuwa lugha ya kusomea.

Inafaa kuzingatia pia kwamba umri wa kitabu peke yake haukitii katika orodha. Out of Africa cha Karen Blixen kilitoka mwaka 1937, lakini filamu ya mwaka 1985 ndiyo iliyokipeleka kwa kizazi kipya cha watalii. Makumbusho katika nyumba yake jijini Nairobi yalifunguliwa mwaka 1986. West with the Night cha Beryl Markham, cha mwaka 1942, kilikuwa kimesahaulika hadi kilipochapishwa upya mwaka 1983. Wachapishaji, watengenezaji wa filamu na taasisi za utalii walishirikiana, kwa kujua au bila kujua, kuvifanya vitabu hivi viwili kuwa vya lazima.

Katika eneo la Maziwa Makuu nafasi hiyo imeshikwa na Gorillas in the Mist cha Dian Fossey, cha mwaka 1983, kilichofuatiwa na filamu mwaka 1988. Fossey alianza utafiti wake mwaka 1967 Kabara, nchini Kongo, kabla ya kuhamia Rwanda na kuanzisha kituo cha Karisoke. Aliyemfundisha kusoma nyayo za sokwe ni Sanwekwe, mfuatiliaji nyayo Mkongomani mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kiswahili ndicho alichokitumia Fossey kuzungumza na wafanyakazi wake. Ujuzi wa Sanwekwe umemfikia msomaji wa dunia kupitia kurasa za mwanafunzi wake, kama ule wa Susi na Chuma ulivyofika kupitia kwa Waller zaidi ya karne moja kabla.

4.0 Simulizi Zilizoachwa

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa simulizi za Waswahili wenyewe. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara hadi Ziwa Tanganyika, na Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Simulizi hii ya pili ina thamani ya pekee, kwani Mswahili ndiye anayewatazama Wazungu kwao. Macho ya wasimulizi hawa yanaangalia hongo, bei ya chakula, tabia ya watawala na desturi za wenyeji. Wanyama si kiini cha masimulizi.

Wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ulichapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Unafaa kusomwa sambamba na Through the Dark Continent cha Henry Morton Stanley, cha mwaka 1878. Stanley anaeleza mkataba wa mwaka 1876 wa kusindikizwa kutoka Manyema kuufuata mto. Tippu Tip anaieleza safari hiyohiyo na kulalamika kwamba ahadi alizopewa hazikutimizwa. Msomaji wa kitabu kimoja hupata ushujaa. Msomaji wa vyote viwili hupata mapatano, na deni.

Simulizi hizi nazo zina mipaka yake. Mkusanyo wa Velten ulifanywa chini ya ukoloni wa Wajerumani. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na watu wa Manyema walioumizwa na biashara hiyo hawakupewa kalamu. Kwa hiyo hoja si kuweka shujaa mmoja mahali pa mwingine, bali kumpa msomaji uwezo wa kulinganisha. Kikwazo cha lugha nacho hakitoshi kueleza kutoteuliwa kwake: W. H. Whiteley alitafsiri wasifu wa Tippu Tip kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Lyndon Harries alitoa matini za nathari ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1965.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tangu mwaka 2014 mgeni anaweza kuzuru Kenya, Uganda na Rwanda kwa viza moja. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mipaka imelegezwa kwa mtalii, lakini fikra anayokuja nayo bado imeandaliwa kwingine.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isimamie uchapishaji upya wa Safari za Wasuaheli na wasifu wa Tippu Tip kwa tahajia ya sasa, pamoja na tafsiri na maelezo ya kihakiki. Pili, mitaala ya waongoza watalii iziingize matini hizo, kwa kuwa mwongozaji ndiye anayeulizwa na mgeni asome nini. Tatu, vyuo vikuu vya kanda virekodi kumbukumbu za wafuatiliaji nyayo na wapagazi wa Virunga na Bwindi, na kuzichapisha kwa majina yao wenyewe. Pendekezo hili la tatu ndilo la haraka zaidi. Vitabu vya Velten na Brode vimo maktabani na vinaweza kungoja. Wazee waliofanya kazi na watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua, na kila anayeondoka bila kurekodiwa anaacha simulizi yake mikononi mwa waliomwajiri.