Daftari la Jumuiya, Amsterdam

Mwaka 1639, jumuiya tatu za Wayahudi wenye asili ya Ureno ziliungana mjini Amsterdam na kuwa moja, Talmud Torah. Maamuzi yake yaliandikwa katika daftari kwa Kireno, lugha ya nyumbani na ya biashara. Kiebrania kilikuwa cha ibada.

Kurasa nyingi ni za shughuli za kawaida: kodi, sadaka kwa maskini, uteuzi wa viongozi, adabu ndani ya sinagogi. Aliyeamua yote hayo ni Mahamad, baraza la watu saba, mmoja wao mweka hazina.

Ukurasa maarufu kuliko yote ni wa 27 Julai 1656. Hapo Baruch Spinoza, kijana wa miaka 23, anatengwa. Ni marufuku kusema naye, kumwandikia, kukaa naye chini ya paa moja, kumkaribia ndani ya dhiraa nne, au kusoma maandishi yake. Kosa gani? Daftari linataja uzushi na matendo maovu, basi, halifafanui. Na wakati huo Spinoza hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja!

Wengine waliotengwa walitubu, wakapokewa tena. Adhabu ya Spinoza haikufutwa.