Solex, Zenith, Weber: Kabureta tatu za Landrova na sababu ya kila moja

Landrova ya petroli iliyotoka Solihull, Uingereza, miaka ya 1960 na bado inatembea leo ni nadra kuikuta na kabureta iliyotoka nayo kiwandani. Bodi ya aluminiamu haijaliwa na kutu, chesi imechomelewa viraka, injini imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Juu ya manifoldi, mahali palipokuwa na Solex, pana Zenith au Weber, au nakala ya mojawapo iliyotoka kwenye boksi lisilo na jina la kiwanda. Ukiuliza kwa nini ilifungwa hiyo, jibu la kawaida ni kwamba ndiyo iliyopatikana.

Jibu hilo linaeleweka kwa mtu aliyetafuta spea hizi. Hata hivyo, limewagharimu wengi petroli na injini. Kabureta hizo tatu hazifanani kwa tabia kwa sababu kila moja ilitengenezwa kujibu haja fulani, katika wakati fulani. Anayeijua historia hiyo anaingia dukani akijua anachokitafuta.

Kifaa na waliokibuni

Kabureta ina kazi moja: kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo kitakachowaka vizuri ndani ya silinda. Kwa hesabu ya kikemia, gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 14.7 za hewa. Gari la Karl Benz, lililopata hataza mwaka 1886, lilipitisha hewa juu ya petroli ili ibebe mvuke. Njia hiyo ilitosha kwa injini ya polepole tu. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alileta kabureta ya kunyunyiza: hewa inayovutwa na injini hupita kwa kasi mahali pembamba, shinikizo lake hushuka, na petroli hufyonzwa kupitia jeti, yaani tundu dogo lililopimwa, na kutawanyika kama marashi yatokayo kwenye chupa ya kupuliza. Mwaka huohuo Wahungari Donát Bánki na János Csonka walipata hataza ya kifaa cha aina hiyo.

Kabureta hizo za mwanzo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Jeti moja iliyopimwa ili injini inayozunguka taratibu ishibe humwaga petroli kupita kiasi injini inapokimbia. Kampuni tunazozijua leo zilijengwa na watu waliotafuta dawa ya kasoro hiyo. Huko Lyon, Ufaransa, François Baverey aliunganisha jeti mbili zenye tabia zinazopingana ili moja isahihishe nyingine, na kazi yake ikazaa Zenith. Marcel Mennesson na Maurice Goudard, Wafaransa pia, waliasisi Solex. Uingereza, ndugu wa ukoo wa Skinner, waliotoka katika familia ya wafanyabiashara wa viatu, walibuni kabureta ya SU ambayo hupanua na kubana njia ya hewa yenyewe kulingana na mahitaji ya injini.

Edoardo Weber wa Bologna, Italia, alianzia kwingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia petroli ilikuwa ghali nchini mwake, naye akapata soko kwa kuuza vifaa vya kuwezesha malori kutumia mafuta ya taa. Mwaka 1923 alifungua kiwanda cha kabureta kilichobeba jina lake. Tangu mwanzo, basi, jina la Weber lilihusishwa na watu wanaotafuta nafuu ya mafuta katika gari walilonalo tayari.

Solex ya Solihull

Landrova ilizaliwa kutokana na Jeep. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya Willys iliyobaki kutoka vitani katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Jeep hiyo ilikuwa na injini ya lita 2.2, nguvu ya farasi 60 na kabureta ya Carter. Alipotaka kutengeneza gari la kushika nafasi yake, chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya aluminiamu. Landrova ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na injini ya lita 1.6, nguvu ya farasi 50, na kabureta ya Solex.

Afrika Mashariki ililipokea gari hilo mapema. Polisi, maofisa wa wilaya, wamisionari, wapima ardhi na walinzi wa wanyamapori walilitumia kufika mahali ambapo barabara ilikuwa ni alama za matairi tu. Katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa ikiziunganisha Landrova kwenye kiwanda cha Thika. Upande wa Tanzania, jina la "109", yaani urefu kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lilitosha kumwambia mtu unazungumzia gari gani. Mapenzi hayo hayajaisha: Oktoba 2024 wenye Landrova kutoka pande nyingi walikusanyika Arusha kwa tamasha la gari hilo moja.

Injini iliyoijengea Landrova sifa ilikuja na toleo la Series II, mwaka 1958: petroli, silinda 4, sentimita za ujazo 2,286, nguvu ya farasi 77. Ilipewa Solex 40 PA10, kabureta yenye koo pana na pampu inayoongeza petroli pale dereva anapokanyaga ghafla. Haja ya wakati huo ilikuwa nguvu ya kuvuta mzigo na kutoka kwenye tope. Bei ya petroli haikuwa suala kubwa, na Solex ilifanya kazi yake vema.

Adui wa Solex ni umri na vumbi. Mhimili wa kipepeo, ile sahani inayofungua na kufunga njia ya hewa, huzunguka ndani ya bodi ya kabureta kila dereva anapokanyaga mafuta. Ukilika, hewa isiyopimwa huingia pembeni, na gari halikai sailensi hata skrubu ikizungushwa vipi. Mpira mwembamba wa pampu nao hukauka na kupasuka.

Zenith na oringi yake

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 kiwanda kilihamia Zenith 36 IV, na ndiyo iliyoendelea kwenye Series III iliyotoka mwaka 1971. Ndani yake jeti na njia za petroli zimekusanywa kwenye kipande kimoja kilichofungwa kwa skrubu chini ya mfuniko. Ni mpango mzuri kwa fundi, kwa kuwa akifungua mfuniko anapata karibu kila anachohitaji kusafisha.

Mpango huohuo ndio uliozaa ugonjwa unaojulikana zaidi wa Zenith. Kati ya kipande kile na mfuniko kuna oringi ndogo. Skrubu zikikazwa kupita kiasi, au joto la injini likipinda metali kwa miaka mingi, nyuso hizo mbili haziketi sawasawa na oringi haizibi tena. Petroli hupenya pembeni bila kupimwa na jeti. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, injini inayozima ukifika kwenye makutano, na matumizi ya mafuta yanayotisha.

Zenith nyingi zilitupwa kwa ugonjwa huu, ilhali tiba yake haihitaji kabureta mpya. Fundi hulaza msasa laini juu ya kioo bapa, akasugua uso wa kipande na wa mfuniko hadi vyote vinyooke, akaweka oringi mpya na kukaza skrubu kwa kiasi. Kazi hiyo huchukua saa chache na oringi ni ya bei ndogo. Baada ya hapo Zenith huipa injini ya 2,286 nguvu yake karibu yote, kwa kuwa ilipimwa kiwandani kwa ajili ya injini hiyo.

Petroli inapopanda bei

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Landrova ya petroli, ambayo hupata kilomita 5 hadi 7 kwa lita, ikawa mzigo kwa mwenye nayo. Tanzania ilifika mahali pa kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Fedha za kigeni zilipoadimika, spea nazo zikaadimika, na mafundi wakajifunza kuishi kwa walichonacho.

Katika miongo iliyofuata soko la spea lilijaa kabureta mbadala, na iliyoenea kuliko zote ni Weber 34 ICH. Koo lake ni jembamba kuliko la Solex na Zenith, na sehemu zake za ndani ni chache. Hukaa juu ya manifoldi ya zamani kwa msaada wa adapta, na fimbo za kukanyagia mafuta hurekebishwa kidogo. Hupunguza ulaji wa petroli na hutulia vizuri sailensi. Gharama yake huonekana kwenye mwendo wa juu na kwenye mlima mrefu ukiwa na mzigo, ambako koo jembamba huinyima injini hewa. Kiwanda chenyewe kilikuja kuchagua Weber pia: injini ya petroli ya lita 2.5 ya mwaka 1985 ilipewa 32/34 DMTL, yenye makoo mawili. Dogo hufanya kazi ya kila siku na la pili hufunguka nguvu inapohitajika.

Mlima nao una kauli

Jambo ambalo vitabu vingi vya Uingereza hulipa mistari michache, na ambalo kwetu lingestahili sura nzima, ni mwinuko. Solihull iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na jeti zilichaguliwa kwa hewa ya huko. Nairobi iko karibu mita 1,700. Kingo za kreta ya Ngorongoro zinapita mita 2,200.

Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta hupima kwa mvuto, na petroli haipungui kwa kiasi kilekile ambacho hewa imepungua. Matokeo yake injini ya Nairobi hupata petroli iliyozidi kwa asilimia 8 au 9, na ya Ngorongoro zaidi ya hapo. Mwenye gari huona moshi, husema kabureta imekufa, hununua nyingine yenye jeti za pwani, na tatizo linarudi vilevile. Alichohitaji ni jeti kuu ndogo kidogo. Kinyume chake kina hatari zaidi: gari lililopunguziwa jeti Njombe likishushwa Tanga bila kurekebishwa hukosa petroli ya kutosha, huchemka, na linaweza kuunguza valvu.

Namna ya kuchagua

Historia hii inatoa mpangilio wa maswali. La kwanza ni kama kabureta ndiyo yenye kosa. Pointi za distributa zilizochakaa, pampu ya mafuta iliyochoka, gasketi ya manifoldi inayovuja na eakilina iliyojaa vumbi vyote huiga ugonjwa wa kabureta. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huigonganisha injini, na hakuna jeti inayoweza kuitibu. Plagi husaidia kutofautisha: masizi meusi ni petroli iliyozidi, weupe mkavu ni petroli pungufu, na rangi ya kahawia ni afya.

La pili ni kama iliyopo inatengenezeka. Tikisa mhimili wa kipepeo kwa vidole. Usipocheza, Zenith au Solex halisi iliyosafishwa na kufungwa gasketi mpya ni bora kuliko nakala yoyote mpya. Ukicheza, fundi mchongaji anaweza kutoboa bodi na kuweka bushi, na kabureta ikaendelea na kazi.

La tatu ni kazi ya gari. Linalobeba mzigo milimani linahitaji Zenith au Solex, au DMTL kwa aliye tayari kulipia manifoldi au adapta inayoifaa. Linalozunguka mjini na shambani, ambalo mwenye nalo anahesabu kila lita, litafaa kwa Weber 34 ICH. SU hufungwa na wanaopenda mabadiliko, nayo huvuta vizuri, ila hudai fundi anayejua kuchagua sindano yake. Kabureta ya pikapu ya Kijapani inaweza kuliwasha gari, lakini jeti zake zilipimwa kwa injini nyingine, na bila kupimwa upya gharama italipwa na silinda.

La nne ni uhalisi. Nakala za Zenith na Weber ni nyingi. Kabla ya kulipa, fungua mfuniko: angalia kama nyuso zimenyooka, kama boya halikwami, kama jeti zina namba, na kama namba hizo ni za injini ya 2,286.

Ipo hatua moja zaidi ambayo mafundi wachache huichukua, na ukosefu wake ndio uliotufikisha kwenye jibu la "ndiyo iliyopatikana". Kazi ikikamilika, andika aina ya kabureta, namba ya jeti kuu na ya sailensi, na mwinuko wa mahali iliporekebishwa, kisha hifadhi karatasi hiyo pamoja na kadi ya gari. Gari hili limekwisha kuwazika wamiliki kadhaa na litapita mikononi mwa wengine. Fundi atakayelipokea atakuwa na haki ya kujua mwenzake alichagua nini, na kwa sababu gani.