Vibali vya kufungasha chakula nyumbani Tanzania kabla ya kukipeleka nje ya mpaka

Unga wa lishe, siagi ya karanga, viungo vya pilau na karanga za kukaanga ni bidhaa zinazoanzia jikoni kwa watu wengi na kuishia kwenye basi la Namanga, Sirari au Tunduma. Wengi wa wanaozifungasha wana leseni ya biashara na wanaamini imetosha. Haitoshi. Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya biashara, lakini haisemi lolote kuhusu usalama wa chakula kilichomo kwenye pakiti. Mzigo ukifika mpakani, kinachotafutwa ni hicho cha pili.

Tuanze na yale mepesi. Jina la biashara husajiliwa BRELA, kwa njia ya mtandao. Namba ya mlipa kodi (TIN) hutolewa na TRA bila malipo. Hapa madereva wasikilize: TIN uliyopewa kwa ajili ya leseni ya udereva si TIN ya biashara, na ofisa wa leseni ataikataa. Ukishakuwa na TIN ya biashara na cheti cha TRA cha kuonyesha huna deni la kodi, nenda halmashauri ya wilaya au manispaa yako na mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki wa eneo. Leseni hulipiwa kila mwaka.

Ugumu unaanza kwenye chumba. Mpaka mwaka 2019 majengo ya chakula yalisajiliwa na TFDA. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, kazi za chakula zikahamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na TFDA ikabadilika kuwa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Kama una lebo za zamani zenye namba ya TFDA, usizimalizie "kwa sababu zilishachapwa". Zinaonyesha kibali cha mamlaka ambayo haishughuliki tena na chakula.

TBS husajili jengo kwanza, kisha bidhaa. Kufungasha nyumbani kunawezekana, ila si kwenye jiko la familia wala chumba anacholala mtu. Tenga chumba chenye mlango wake, sakafu na kuta zinazosafishika, dari isiyodondosha vumbi, wavu madirishani, maji safi na mahali pa kunawia mikono. Malighafi ikae mbali na bidhaa iliyokwisha kufungwa, na vyote vikae juu ya chaga, si sakafuni. Wanaoshika chakula wapimwe afya na vyeti vyao viwepo. Mkaguzi huangalia pia mtiririko wa kazi: mahindi machafu yasipite juu ya meza ya kufungia.

Asiye na uwezo wa kujenga au kukarabati chumba aulize SIDO ya mkoa wake. SIDO ina maeneo ya kufanyia kazi katika mikoa kadhaa, na barua yake ya utambulisho ina thamani kuliko wengi wanavyodhani: mjasiriamali mdogo akiifikisha TBS, Serikali humbebea gharama za kupata alama ya ubora kwa miaka ya mwanzo. Tumekutana na watu waliolipa fedha nyingi kwa "mtu wa kusaidia" kupata kitu ambacho kwa barua hiyo wangekipata bure. Vishoka wapo, na wanaishi kwa kutojua kwetu.

Baada ya ukaguzi, sampuli huchukuliwa kwenda maabara. Kwa unga wa lishe na siagi ya karanga, jambo linaloangusha wengi ni sumukuvu, kwa kuwa mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoathirika zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ya aina ya B1 isiyozidi 5. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kukaanga au kusaga hakuiondoi, hivyo kazi ni ya kufanywa kabla: nunua nafaka iliyokauka vizuri, chambua zilizooza na zilizosinyaa, na usihifadhi penye unyevu. Karanga za bei ya kutupa mara nyingi zina sababu yake.

Lebo nayo imerudisha mizigo mingi. Iwe na jina la chakula, viambato kwa kuanzia kilicho kingi, uzito halisi bila kifungashio, jina na anuani ya mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na maelekezo ya kuhifadhi. Usiandike kwamba unga unatibu kisukari au presha. Kwa soko la Burundi na Kongo, ongeza Kifaransa. Wakala wa Vipimo naye hupima: pakiti iliyoandikwa gramu 500 ikiwa na 460 ni kosa, hata kama mzani wako ndio uliodanganya.

Sasa mpakani. Kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama inatakiwa kutambuliwa na nchi nyingine bila kuanza upya. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi kodi nyingine, na hakichukui nafasi ya alama ya ubora.

Kumbuka pia kwamba kupakia si kusindika. Karanga mbichi au mahindi yaliyowekwa tu kwenye pakiti nzuri bado ni mazao, na yanadai cheti cha afya ya mimea na kibali cha kusafirisha mazao. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu pamoja na cheti cha uasili. Waliokuwa na malori njiani ndio walioumia.

Kwa msafirishaji, hatari ni mzigo wa kuchanganya. Katoni kumi zisizo na alama zinaweza kulisimamisha lori zima, na siku za kusubiri hazilipwi na mwenye katoni. Kabla ya kupakia, omba nakala ya leseni ya alama ya TBS, linganisha jina lililoko kwenye leseni na lililoko kwenye pakiti, na fungua katoni moja uangalie tarehe. Mwenye mzigo akisema karatasi "ziko njiani zinakuja", mwambie na mzigo usubiri karatasi.