Mizinga Iliyotoka Matopeni

Hapa Mkula, ukitaja meli, watu hufikiria Mwanza na Ghuba ya Speke. Mimi, mwalimu wa historia, huwapeleka wanafunzi mbali zaidi, hadi delta ya Rufiji.

Manowari Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta hiyo. Waingereza waliitafuta hata kwa ndege. Tarehe 11 Julai 1915, meli za Severn na Mersey zikaipiga mpaka kapteni wa Königsberg, Max Looff, akaamuru manowari yake ilipuliwe.

Vitabu vingi huishia hapo. Naona ni uvivu. Mizinga yake 10, ya sentimita 10.5, iliopolewa mtoni, ikakokotwa hadi Dar es Salaam. Waliokokota walikuwa Waafrika, mamia kwa mamia, kamba mabegani, na majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. La Looff kila mwanafunzi analikariri. Mizinga ikapigana nchi kavu, na mmoja ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen, leo MV Liemba, Ziwa Tanganyika.

Anayetaka kuugusa mmojawapo aende Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria.