Eti Dunia Yetu ni Daraja Sifuri? Historia ya Kipimo cha Kardashev, Kutoka kwa Nesi Wenu

SEHEMU YA 1: SWALI LA JIKONI

Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya (najua mpo). Leo sitaongelea chanjo wala uji wa lishe. Leo nawaletea historia, tena historia ya nyota. Msikimbie, mwisho tutarudi palepale kwa mama na mtoto.

Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi. Jioni nikawa napepea jiko la mkaa, mwanangu wa darasa la sita akaja na simu mkononi. "Mama, eti dunia yetu ni daraja sifuri. Wanasayansi wamesema."

Nikamuuliza, nani katupa hiyo sifuri? Hajui. Anachojua ni kwamba kuna daraja la kwanza, la pili na la tatu, na sisi hata la kwanza hatujafika. Sababu ni moja tu, nishati tunayotumia ni kidogo.

Nilicheka, lakini neno likanikaa. Maana kazi yangu ni ya kupima. Tunapima uzito, joto, presha, mzunguko wa mkono wa mtoto. Na kitu cha kwanza nilichofundishwa chuoni ni kwamba kabla hujaamini namba, uliza kipimo kilitengenezwa kupimia nini. Basi nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

SEHEMU YA 2: TUANZE NA WATI ZA NYUMBANI

Kabla ya nyota, tuanze na mwili wako.

Kalori mnazijua, tunaziongelea kila wiki. Mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, ukizigawanya kwa saa 24, mwili wake unatumia karibu wati 100. Ndiyo, wati zilezile za kwenye balbu. Ukikaa, ukilala, moyo ukidunda, wewe ni kama balbu ya zamani ya wati 100.

Mtoto mchanga wa kilo 3 anayenyonya vizuri anatumia kama wati 15. Taa ndogo kabisa. Na anapoa haraka, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Na mama anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku. Hizo ni wati 24. Yaani kunyonyesha ni sawa na kuwasha balbu mbili za LED za wati 12, mchana na usiku, bila kuzima hata dakika moja. Mtu akikuuliza kwa nini una njaa saa nane za usiku, mpe hesabu hiyo.

Sasa shikeni hizo wati mkononi. Tunapanda nazo juu.

SEHEMU YA 3: MTOTO WA MOSCOW

Aliyetengeneza kipimo hiki anaitwa Nikolai Kardashev, alizaliwa Moscow mwaka 1932. Akiwa mdogo, mama yake alimpeleka kwenye jumba la kuonyeshea nyota la mji ule, na mtoto akapenda nyota moja kwa moja.

Halafu ikaja miaka ya kamatakamata ya Stalin. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wazazi wake wote wawili walikamatwa. Baba aliuawa kwa risasi. Mama alipelekwa kambi za kazi ngumu, akakaa huko miaka mingi. Mtoto akaingizwa kituo cha watoto yatima, mpaka mama yake mdogo alipokwenda kumchukua.

Mimi hapo nilisimama kidogo. Tunapowaambia mwoneshe mtoto vitu, ongea naye, mpeleke aone, wengine mnaona ni maneno ya kliniki tu. Yule mama hakupata nafasi ya kumlea mwanawe mpaka akue. Lakini alichomwonesha kilibaki.

Kijana akasoma unajimu wa kisayansi Chuo Kikuu cha Moscow, akamaliza mwaka 1955, kisha akafanya kazi na mtaalamu mkubwa wa wakati huo, Iosif Shklovsky. Fani yake ilikuwa darubini za redio, yaani zile zinazosikiliza mawimbi ya redio kutoka angani badala ya kutazama mwanga.

Na kipindi kile dunia ilikuwa imeanza kusikiliza. Mwaka 1960, Mmarekani Frank Drake alielekeza darubini ya redio kwenye nyota mbili, akisubiri kama kuna mtu atasema hodi. Mwaka huohuo Freeman Dyson aliandika kwamba viumbe walioendelea sana wangeweza kuizunguka nyota yao kwa vyombo vya kukusanya mwanga wake wote.

Kardashev akajiuliza swali la fundi. Kama kuna anayepiga kelele huko mbali, anahitaji nguvu kiasi gani ili sisi tumsikie?

SEHEMU YA 4: MADARAJA MATATU

Mwaka 1964 akachapisha jibu lake. Aliwapanga hao wapiga kelele kwenye mafungu matatu.

👉 Daraja la kwanza: wanatumia nishati karibu sawa na iliyotumika duniani wakati ule, wati trilioni 4. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Ungehitaji mabwawa kama lile karibu 1,900, yote yakizalisha kwa nguvu zote, ndipo upate wati trilioni 4.

👉 Daraja la pili: wanatumia nguvu yote ya nyota yao. Andika 4, halafu weka sifuri 26. Hizo ndizo wati za Jua letu kwa makadirio.

👉 Daraja la tatu: wanatumia nguvu ya galaksi nzima, mabilioni ya nyota. Andika 4, weka sifuri 37.

Alipiga pia hesabu ya kukua. Matumizi ya nishati yakiongezeka asilimia 1 tu kila mwaka, binadamu wangefika kiwango cha Jua zima baada ya miaka 3,200, na kiwango cha galaksi baada ya miaka 5,800. Hakusema itatokea. Alionesha tu kwamba asilimia 1 ndogo, ukiiacha ijizidishe, inafika mbali, kama mkopo wa kausha damu.

Mmeona jambo hapo lakini? Kwa hesabu yake mwenyewe, sisi ni daraja la kwanza tangu 1964! Leo dunia inatumia karibu wati trilioni 20. Sasa sifuri ya mwanangu imetoka wapi?

Imetoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1973, Mmarekani Carl Sagan aliona madaraja yameachana mno, akaweka hatua ndogondogo katikati. Akaanzia wati milioni 1 kuwa sifuri, na daraja la kwanza akalisogeza juu mpaka wati 1 yenye sifuri 16. Kwa ngazi zake, dunia ya wakati ule ilikuwa kwenye 0.7. Ukiweka namba za leo unapata kama 0.73.

Msisome 0.73 kama alama za mtihani, kwamba tumebakiza robo. Kwenye ngazi hizi, kila 0.1 ni kuzidisha kwa kumi. Kufika 1 kamili tungehitaji kutumia nishati mara 500 ya leo. Kwa hiyo mwanangu, hatujapata sifuri. Tumebadilishiwa rula.

SEHEMU YA 5: SIKU WALIPODHANI WAMESIKIA

Kardashev alitaja pia sehemu za angani za kuangaliwa kwa makini. Mojawapo iliitwa CTA-102. Mwenzake, Gennady Sholomitsky, akaifuatilia na kuona mawimbi yake yanapanda na kushuka. Aprili 1965, shirika la habari la Kisovieti, TASS, likatangaza kwamba huenda kuna ustaarabu mwingine. Gumzo likaenda dunia nzima.

Haikuwa hivyo. Wanasayansi wakaitisha mkutano na waandishi kupoza habari. Ile ilikuwa kwasa, yaani kiini cha galaksi ya mbali mno kinachowaka kwa nguvu za ajabu. Nguvu nyingi kweli, ila hakuna mtu nyuma yake.

Mimi somo nimelichukua hilo. Nguvu nyingi peke yake haikwambii kama kuna akili, wala kama kuna wema.

Kardashev hakukata tamaa. Aliendelea na darubini zake, na mwaka 2011 darubini ya redio ambayo aliongoza mradi wake ilirushwa kwenda angani. Ilifanya kazi mpaka 2019, mwaka ambao yeye naye alifariki.

SEHEMU YA 6: KIPIMO KISICHOULIZA NANI ANAPATA

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Kipimo cha Kardashev kilitengenezwa kupima kelele, yaani nani ana nguvu ya kutosha asikike kutoka mbali. Ni sawa na kupima mtoto kwa ukali wa kilio chake. Kilio kinakwambia mapafu yanafanya kazi. Hakikwambii kama ameshiba, kama anakua, au kama analia kwa sababu anaumwa.

Na kuna mtu alishaliona hili mapema. Mwaka 1943, miaka 21 kabla ya Kardashev, Mmarekani Leslie White, mtaalamu wa tamaduni za watu, aliandika kwamba jamii inaendelea kadiri nishati inavyoongezeka kwa kila mtu kwa mwaka, au kadiri inavyotumika kwa ufanisi zaidi. Tazama hayo maneno: KWA KILA MTU, na KWA UFANISI. Kwenye kipimo cha nyota, yote mawili hayamo.

Tuanze na kila mtu. Wati trilioni 20 ukizigawanya kwa watu bilioni 8 na kidogo, kila mmoja anapata karibu wati 2,400. Ni kama kila mmoja wetu, hata mtoto aliyezaliwa leo, ana watu 24 wanaomfanyia kazi usiku na mchana. Mama unayenisoma umeinamia jiko la mkaa, wako wapi watu wako 24? Ndiyo hivyo. Wameajiriwa kwingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama bilioni 2.1 bado wanapikia kuni, mkaa, mafuta ya taa na vingine vya moshi. Kwa mwaka 2020 pekee, moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilohilo linasema karibu watu bilioni 1 wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme, au vyenye umeme usioaminika. Mimi nimeshazalisha kwa tochi ya simu niliyoing'ata kwa meno. Usiku ule dunia ilikuwa 0.7 na kitu. Chumbani kwetu hiyo 0.7 haikuonekana.

Sasa ufanisi. Ukitoa balbu ya zamani ya wati 60 ukaweka LED ya wati 9, mwanga ni uleule. Kwa rula ya Sagan umeshuka daraja. Kwa akili ya mama wa nyumbani umepanda, na bili imepungua.

SEHEMU YA 7: WATI 100 ZA MAMA

Mfano wa mwisho, ndio ninaoupenda kuliko yote.

Mwaka 1978, Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na tatizo ambalo manesi wengi tunalijua. Njiti walikuwa wengi, mashine za kuwapa joto chache. Akawaambia mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kwa siku. Ndiyo kangaruu tunayowafundisha wodini leo, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa.

Pigeni hesabu ya wati. Mama ana 100, mtoto hazifiki 15. Joto la mama ambalo lingepotea hewani linaingia kwa mtoto. Hakuna bwawa lililojengwa, dunia haikupanda hata nukta moja kwenye ngazi za Sagan, na watoto wanapona.

Sisemi umeme hauna maana. Nautaka! Mashine ya oksijeni inakula wati mia tatu na kitu, na kifua cha mama hakiwezi kufanya kazi yake. Nataka zile wati zifike wodini na jikoni kwanza, halafu tuongelee nyota.

Kwa leo naomba moja tu. Msimu wa baridi huu, mama aliyejifungua USIWEKE jiko la mkaa chumbani kumpasha mtoto joto huku milango na madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na haitakuamsha. Niliwahi kupokea familia nzima alfajiri, wamebebwa kwenye mashuka. Walipona, kwa sababu jirani alisikia mtoto halii kama kawaida yake akaenda kugonga. Mtoto akipata baridi, mvalishe kofia na soksi, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja. Ukiona bado ni wa baridi au hanyonyi, mlete kituoni usiku huohuo.

Mwanangu nilimjibu hivi: "Sifuri si yetu, ni ya rula." Akaniuliza, basi rula nzuri ipimeje? Nikamwambia ashike kipepeo apepee mkaa, mimi nifikirie. Bado nafikiria. Nyie mngependa ipime nini? Niandikieni hapo chini, nitasoma zote nikitoka zamu.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji.

Nesi wenu 🤱🏾